Shajara ya mradi: stambeli kati ya Tunis na Marseille

Septemba 2024

Fedha zimetoka. Ruzuku imepungua kidogo kuliko tulivyoomba, lakini inatosha kuanzia. Pamoja na ripoti ya Kifaransa ambayo lazima niipeleke kwa mfadhili, nitaandika shajara hii kwa Kiswahili, maana wenzangu wanaoendesha matamasha Unguja na Mombasa huniuliza kila mara hizi fedha za "ushirikiano wa tamaduni" zinafanya nini hasa zikishafika mkononi. Ripoti rasmi haitawaambia.

Mradi ni wa mameneja wawili. Mimi ni Mzanzibari, msimamizi wa maonyesho katika nyumba ndogo ya sanaa hapa Marseille. Mwenzangu ni dada wa Kitunisia anayeendesha kituo cha sanaa ndani ya madina, yaani mji mkongwe wa Tunis. Mtindo wenyewe hatukuubuni sisi. Kuanzia 2012 mpango wa Tandem Shaml, wa European Cultural Foundation ya Amsterdam na MitOst ya Berlin pamoja na Al Mawred Al Thaqafy, ulikuwa ukiwaunganisha wawili wawili mameneja wa sanaa wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu. Mmoja huenda kukaa kazini kwa mwenzake, akaona simu zinapigwaje, madeni yanalipwaje, nani anaamkiwa kwanza asubuhi; kisha wawili hao hufanya kitu kimoja kidogo pamoja. Tumeuiga mtindo huo kwa fedha za mfadhili mwingine. Naupenda kwa sababu unaanzia ofisini, na jukwaa linakuja baadaye.

Kitu chetu kimoja kidogo ni stambeli: ngoma ya uganga ya Watunisia weusi, wazao wa watu waliovushwa Sahara utumwani, wengi wao kutoka nchi za Wahausa na Wakanuri. Chombo kikuu ni gumbri, cha nyuzi tatu, kimewambwa ngozi, na mpigaji anavuta nyuzi huku akiigonga ngozi hiyohiyo kwa vidole. Wenzake wanashika shqashiq, vyuma vizito vya kugonganisha mikononi. Kila pepo na kila walii ana wimbo wake, unaoitwa nuba, na nyimbo hizo hufuatana kwa utaratibu maalumu. Mkubwa wao kwa heshima ni Sidna Bilal, mwadhini wa Mtume, wanayemhesabu kuwa babu yao wa kiroho.

Mtu aliyekulia Ng'ambo, mitaa ya Unguja nje ya Mji Mkongwe, hahitaji maelezo zaidi. Tuna ngoma zetu za pepo, kibuki na kodiani lake, na rubamba, na sote tuna shangazi ambaye siku fulani za mwaka hapatikani nyumbani. Ndugu wa stambeli ni Gnawa wa Morocco na diwan ya Algeria. Gnawa wana tamasha lao Essaouira tangu 1998, na 2019 UNESCO iliwaingiza katika orodha yake ya urithi. Stambeli haijapata bahati hiyo, kama ni bahati.

Kwa upande wa Marseille tumemchukua msanii mmoja wa sauti na waimbaji wawili wa kike wa Kingazija, waliozaliwa hapahapa. Marseille ina Wangazija wengi sana; kuna mitaa ambayo ukipita Ijumaa unaweza kudhani uko Moroni. Bibi yao waimbaji hao alikuwa na mambo yake ya mizimu, na wao wenyewe ndio waliouliza kama wanaweza kuingia mradini.

Oktoba

Mwezi mzima umeliwa na bajeti.

Kanuni ya mfadhili, kama ilivyo kwa wengi wa Ulaya niliofanya nao kazi, ni kwamba mshirika mmoja awe kiongozi: asaini mkataba, apokee fedha, ajibu wakaguzi. Kiongozi ni sisi. Kwa hiyo mwenzangu ni mshirika sawa kabisa ambaye anasubiri kutumiwa.

Aliisoma rasimu ya mhasibu wetu, akaipigia mstari sehemu moja tu. Siku moja ya kazi ya msanii wa Marseille ilikadiriwa kwa viwango vya Ufaransa, na siku moja ya mpiga gumbri kwa viwango vya Tunis, ilhali siku hizo wanafanya kazi chumba kimoja. Mhasibu akajibu kuwa gharama za maisha si sawa. Mwenzangu akauliza, kwa upole ambao nimeshajifunza kuuogopa, kwa nini basi posho yetu tukiwa Tunis imeandikwa kwa bei za Ulaya, kama gharama za maisha ndiyo hoja. Mhasibu hakuwa na jibu, na mimi sikutaka kumtafutia.

Tumekubaliana hivi: siku ambazo wasanii wa pande mbili wako pamoja, malipo ni mamoja. Ili kupata tofauti hiyo tumekata katalogi ya rangi iliyokuwa ichapishwe mwishoni. Sijui nani angeisoma.

Kisha yakaja mambo ya mabomba, yaani fedha zinapita wapi. Yeyote anayefikiria kufanya kazi na jumuiya ya Tunisia ayajue mapema. Amri namba 88 ya 2011, ile iliyofungulia jumuiya mlango baada ya mapinduzi, inaitaka jumuiya inayopokea fedha za kigeni itangaze gazetini na iiarifu serikali ndani ya mwezi mmoja: kiasi gani, kutoka kwa nani, kwa kazi gani. Mwenzangu hulifanya hilo kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemjua, kwa sababu miaka hii jumuiya zinatazamwa kwa jicho kali na kosa dogo la karatasi ni silaha. La pili, dinari hairuhusiwi kutolewa nchini. Euro ikishavuka kwenda Tunis na kugeuzwa dinari, huwezi kuiomba irudi kulipia hoteli ya Marseille. Kwa hiyo kila kifungu lazima kiamuliwe kitakaa upande gani kabla ya kutuma hata senti. La tatu ni la upande wetu: msanii asiyeishi Ufaransa akilipwa hapa, kodi ya zuio ni asilimia 15. Tumeandika kwenye mikataba kuwa kiasi kilichotajwa ndicho kitakachoingia mfukoni mwake, na kodi ni juu yetu. Wengi hawaandiki hivyo, na msanii hugundua siku ya mwisho.

Novemba

Nimekaa Tunis, kazini kwa mwenzangu.

Naingia Tunisia bila visa, na hilo nalo lina historia yake. Nilipochukua uraia wa Ufaransa niliuacha wa Tanzania, kwa kuwa kwetu uraia pacha haukubaliwi. Mama yangu bado hajalimeza. Basi nafika uwanja wa ndege wa Tunis-Carthage na kitabu changu cha rangi ya damu ya mzee, nagongewa muhuri, napita. Uso wangu ni wa Unguja lakini karatasi zangu ni za Ulaya, na mitaani hakuna anayeziona karatasi.

Lazima nilieleze hili ingawa si la kisanaa. Tarehe 21 Februari 2023 Rais Kais Saied alisema kuwa wahamiaji kutoka kusini mwa Sahara ni sehemu ya njama ya kubadilisha sura ya wakazi wa nchi. Baada ya hapo watu weusi walipigwa, wakafukuzwa majumbani na makazini, na Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kulaani. Nchi hiyohiyo, Oktoba 2018, ilikuwa imepitisha sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi, jambo lililosifiwa kote katika nchi za Kiarabu. Mei mwaka huu Saadia Mosbah, mwanamke mweusi wa Kitunisia anayeongoza jumuiya ya Mnemty na aliyepigania sana sheria ile, alikamatwa. Kwa hiyo mradi wa muziki wa Watunisia weusi hauwezi kuwa maua na ubani tu. Mwenzangu alinishika mkono siku ya kwanza akaniambia paspoti isikae hotelini. Tumeingiza kwenye mpango wa kazi jambo ambalo hakuna fomu ya mfadhili inayoliuliza: nani anamsindikiza nani usiku. Waimbaji wa Kingazija wakija, watakuwa na rangi kama yangu.

Sasa stambeli yenyewe. Nimemwona fundi wetu, mpiga gumbri, akifanya kazi. Namwita fundi kwa kuwa ndivyo angeitwa kwetu, na mwenzangu nilipomweleza maana yake alicheka akasema hilo ndilo jina ambalo Kifaransa kimemnyima. Shughuli ilikuwa ya nyumbani, mwenye shughuli mwanamke, na wengi waliohudhuria wanawake. Mama mmoja mwenye kazi hiyo, wanamwita arifa, alishika chetezo na kusimamia wateja. Jawi ilifukizwa, harufu ileile ya udi na ubani inayokaa kwenye khanga siku mbili. Walianza na sifa za Mtume, wakaenda kwa Bilal, wakaja mawalii, ambao huwaita weupe, na usiku ulipoiva wakaingia kwa weusi, mapepo ya kusini. Walikuwako vijana waliokuwa wakiangalia simu mpaka gumbri ilipobadilisha mwendo, kisha simu zote zikaingia mifukoni kwa pamoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami, mstaarabu, mfanyakazi wa benki, akapandisha. Alipotulia akaniomba maji na akaniuliza natokea wapi.

Kesho yake tulikutana na fundi kuzungumza kazi. Ratiba iliyotoka Marseille ilisema: onyesho, dakika 50. Fundi aliuliza dakika 50 ni nuba ngapi. Mwenzangu akamwambia ndilo swali tulilokuja kumuuliza yeye. Fundi akaeleza, bila kupandisha sauti, kuwa ukimwita mgeni lazima umkaribishe, umpe alichokuja kutaka, kisha umuage, na wengine hawaondoki kwa saa ya ukutani. Akapendekeza mwenyewe: jukwaani apige nuba za weupe tu, ambazo zinaweza kusikilizwa na mtu yeyote bila hatari, na za weusi zibaki nyumbani. Kama wa Marseille wanataka kuzisikia, waje nyumbani.

Nilifurahi kwa sababu fundi alikuwa ametupangia programu nzima kwa sentensi moja. Mkataba sasa unasema orodha ya nuba inaamuliwa na fundi, na mkurugenzi wa sanaa ataarifiwa. Neno hilo "ataarifiwa" lilirudishwa kwetu kutoka Marseille likiwa limefanywa "watashauriana". Mwenzangu akalirudisha.

Desemba

Mwaka wa fedha unafungwa na mfadhili anataka matumizi ya awamu ya kwanza pamoja na stakabadhi.

Shughuli ya Novemba ilikuwa na gharama: maziwa, sukari, jawi, mishumaa, chakula cha watu, na kuku weusi. Kuku wa chakula anakubalika. Kuku wa kuchinjwa kwa ajili ya pepo ni "gharama isiyostahiki", na sokoni Tunis muuza kuku hatoi stakabadhi yenye namba ya mlipakodi. Mhasibu wetu, ambaye si mtu mbaya, akapendekeza tuandike "viburudisho".

Mwenzangu alikataa. Alisema akiandika viburudisho leo, kesho yeye ndiye atakayeitwa na wakaguzi wa nchi yake kueleza viburudisho vyenye manyoya, na zaidi ya hapo hataki kazi ya fundi iingie kwenye vitabu kwa jina la kujificha. Basi kuku wamelipiwa na kituo chake kutoka mapato yao wenyewe ya mafunzo, na kwenye ripoti wameandikwa kama mchango wa mshirika: "kuku, kwa ajili ya shughuli". Mfadhili hajauliza. Nadhani kuna mtu ofisini kwao aliyesoma mstari ule mara mbili.

Januari 2025

Siku za maneno matupu, yaani matangazo.

Rasimu ya Kifaransa ilikuwa na vitu vitatu ambavyo hujirudia kila msimu: "mila inayotoweka", "kuwapa sauti wasio na sauti", na "safari ya kupagawa". Mwenzangu akaandika pembeni kuwa watu hawa wana sauti ambayo majirani wameilalamikia kwa miaka mingi. Tumebakiza jina la kikundi, majina ya vyombo, saa na mahali.

Tarehe 23 Januari Tunisia huadhimisha kukomeshwa kwa utumwa. Ahmed Bey alitoa amri hiyo 1846, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuukomesha kwa mara ya pili katika makoloni yake. Nimelitia hilo kwenye maelezo ya mradi kwa sababu Marseille watu hupenda kudhani uhuru ulisafiri kwa meli kutoka kaskazini. Wenzangu wa Unguja watakumbuka kuwa kwetu soko la watumwa lilifungwa 1873 na utumwa wenyewe ukasubiri hadi 1897, kwa hiyo wala sisi hatuna cha kujivunia.

Februari na Machi

Hapa ndipo kalenda mbili zilipogongana.

Mpango wa awali, ulioandikwa na watu wanaohesabu kwa robo za mwaka wa fedha, ulitaka mazoezi ya pamoja Februari. Februari yote ni Shaaban. Shaaban ndio msimu wa shughuli kabla ya Ramadhani, ambapo mapepo hufungwa na gumbri inatundikwa. Fundi hana usiku wa bure. Kumwomba aache wateja wake wa mwaka mzima aje kufanya mazoezi na msanii wa sauti kwa siku mbili ni kumwomba kinyozi afunge duka siku ya kuamkia Idi. Mwenzangu alikuwa amelisema hili tangu Oktoba na lipo kwenye barua pepe, lakini upande wetu lilisomwa kama habari za utamaduni, halikusomwa kama habari za ratiba.

Tumesogeza mazoezi hadi baada ya Idi. Mfadhili amekubali kwa barua ya mistari miwili. Kwa hiyo lililokuwa gumu halikuwa mfadhili. Lilikuwa kumfanya mtu upande huu aamini kuwa Shaaban ni tarehe.

Machi, Ramadhani. Kazi ni visa.

Ufaransa haidai kibali cha kazi kwa msanii anayekuja kwa kazi isiyozidi miezi mitatu. Visa ya Schengen inabaki palepale. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Barua ya mwaliko, mkataba, mahali pa kulala, tiketi ya kurudi, taarifa za benki, uthibitisho wa ajira. Hapo kwenye ajira ndipo pagumu, maana mpiga stambeli hana mwajiri. Fundi ana pensheni ndogo ya kazi aliyoifanya ujanani. Mmoja anauza mboga. Mmoja ni fundi bomba, kweli fundi bomba. Mdogo wao, kijana wa shqashiq, anafanya kibarua anachokipata, hajaoa, na benki yake ni mfuko wa suruali.

Mwenzangu amefanya haya tangu miaka mibaya zaidi. Septemba 2021 Ufaransa ilitangaza kupunguza visa za Watunisia kwa asilimia 30, na za Waalgeria na Wamorocco kwa nusu, ili kuzishinikiza serikali zao zipokee watu wanaofukuzwa. Kwa Tunisia hatua hiyo iliondolewa Agosti 2022. Mwaka ule, anasema, alikuwa akiandaa vikundi viwili kwa onyesho moja, akitumaini kitapita kimoja. Na msisahau Septemba 2023, nyumba za sanaa za Ufaransa zilipoandikiwa zisitishe ushirikiano na wasanii wa Mali, Niger na Burkina Faso. Kelele zilipigwa, maelezo yakatolewa, visa hazikutolewa. Hayo yote hutokea juu ya vichwa vya watu ambao hawajawahi kuulizwa lolote kuhusu siasa ya nje.

Maombi yamewasilishwa wiki ya mwisho ya Ramadhani.

Aprili

Wote wamepata isipokuwa kijana wa shqashiq. Fomu imetiwa alama kwenye kisanduku kinachosema kuna shaka kama atatoka kabla visa yake haijaisha. Rufaa hupelekwa mjini Nantes, Ufaransa, ndani ya siku 30, na majibu hayana haraka.

Marseille tulikaa kikao. Likaja pendekezo ambalo nililitarajia: hapa mjini kuna wapigaji wa Gnawa na wa diwan, hodari, vyuma vyao vinafanana, mmoja akamatwe azibe nafasi. Nilimpigia mwenzangu, mwenzangu akaenda kwa fundi. Fundi hakukasirika. Alisema Wamorocco ni ndugu na anawaheshimu, ila kijana huyu ni mtoto wa dada yake na ndiye anayeitikia nyimbo. Na kwamba yeye hasafiri akamwacha nyuma aliyekataliwa, kwa sababu kufanya hivyo ni kukubaliana na waliomkataa.

Hapo nilifanya hesabu ambayo nadhani tungeifanya mwanzo, lakini mwanzo fomu haikuwa na nafasi yake. Nikachukua kifungu cha safari na malazi ya Marseille, nikakigeuza upande. Watu wetu wa Marseille wote wana paspoti za Ufaransa. Tunisia haiwadai visa kwa kukaa hadi miezi mitatu. Yaani mradi uliokuwa umesimama kwa sababu ya mtu mmoja kutoruhusiwa kwenda kaskazini unaweza kutembea kesho yake kwa watu wote kwenda kusini, na bei ni nafuu, na fundi alishasema Novemba: kama wanataka kusikia, waje.

Mkurugenzi wetu alisikitika, kwa haki. Onyesho la Marseille lilikuwa kwenye programu yake, tiketi zimeanza kuuzwa, na nyumba ya sanaa inaishi kwa mapato na kwa kuonekana. Mshirika wa Kiarabu akipoteza onyesho, hilo huitwa changamoto ya mazingira. Mshirika wa Ulaya akilipoteza, kikao huitishwa. Kiliitishwa. Mwishoni alikubali kwa sharti moja, kwamba rufaa iendelee na Marseille iahirishwe badala ya kufutwa. Sharti zuri.

Mei

Nyongeza ya mkataba imesainiwa na pande tatu. Mwenzangu amesaini wa kwanza, kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

Tumevuka kwa feri kutoka Marseille hadi La Goulette, karibu siku nzima baharini, kwa kuwa spika na vinasa sauti ni nafuu kuvipakia garini kuliko kuvitia ndegeni. Vifaa vimesafiri na orodha yake ya forodha, ile wanayoiita kareti ya ATA, ili visitozwe ushuru na vihesabike wakati wa kurudi. Afisa wa forodha alihesabu nyaya moja moja. Kwenye feri familia za Kitunisia zilikuwa zinarudi nyumbani na magari yaliyofungwa magodoro juu, baiskeli, hata mlango wa friji bila friji. Waimbaji wetu wa Kingazija waligeuka kivutio cha watoto usiku kucha.

Mazoezi yamefanyika uani kwa mwenzangu. Siku ya kwanza msanii wa sauti alitandaza maikrofoni kama mtu anayetega nyavu. Fundi alimwomba atoe zote abakishe moja, akae nayo mwenyewe, asikilize. Ilichukua muda. Waimbaji wa Kingazija walipata njia haraka zaidi, kwa sababu wao hawakutafuta chombo. Walisikiliza kijana akiitikia, wakaanza kuitikia naye kwa chini, na baadaye wakatia kipande cha bibi yao. Fundi aliposikia mdundo wake alikuta mahali pa kuukalisha. Sitaki kusema ni asili moja. Ngazija iko mbali na Kano, na watu wa miradi kama yetu hupenda sana kugundua asili moja. Waliweza kufanya kazi pamoja, na hilo linatosha kuandikwa.

Juni

Shughuli imefanyika baada ya Idi kubwa, uani, kwa mwaliko, kuanzia baada ya isha. Hakukuwa na jukwaa. Taa mbili za kawaida na chetezo. Za weupe zilipigwa kwa wote, na Wangazija waliimba kwenye nuba ambazo fundi aliwachagulia. Kisha kukawa na mapumziko ya chai, fundi akasema wanaotaka kwenda waende sasa, na vinasa sauti vizimwe. Msanii wa sauti alizima akabaki. Wageni wawili kutoka taasisi moja ya Ulaya waliondoka wakati huo kwa sababu walikuwa na chakula cha jioni mahali pengine. Nafikiri wataandika kuwa walihudhuria.

Kilichofuata sikiandiki, maana kilikuwa cha wenyewe. Nitaeleza la kikazi tu: malipo yote yalikabidhiwa kabla ya watu kuondoka, kwa dinari, kwa sahihi, sawa kwa sawa kama tulivyokubaliana Oktoba. Mmoja wa wapigaji alihesabu, akahesabu tena, akamuuliza mwenzangu kama kuna mtu amekosea.

Polisi walisimamisha gari letu njiani kurudi hotelini wakataka karatasi za watu weusi waliokuwamo, za watu wengine hapana. Paspoti za Ufaransa zilimaliza mazungumzo kwa dakika moja. Kijana wa shqashiq, ambaye ni Mtunisia kwa babu na bibi, alitoa kitambulisho chake na akaangaliwa kwa muda mrefu kuliko sisi wote.

Julai 2025

Rufaa bado haijajibiwa. Tumekubaliana na mwenzangu kuwasilisha maombi mapya Septemba, safari hii kijana akiwa na mkataba wa mwaka mzima wa kituo chake kama msaidizi wa vifaa, mshahara unaoingia benki. Kazi ni ya kweli, alikuwa anahitaji msaidizi. Mshahara nusu unatoka kwenye kile kifungu cha safari kilichobaki.

Ripoti ya kati inatakiwa mwisho wa mwezi. Fomu ina kisanduku cha idadi ya watazamaji, chenye safu mbili, "Ulaya" na "nchi za Kiarabu". Mwenzangu amejaza safu ya pili. Ananiuliza Wangazija wa Marseille, waliokuwa nusu watazamaji na nusu waimbaji, tuwaweke wapi. Nimemwandikia mfadhili kuuliza kama inaruhusiwa kuongeza safu.